Maneno Tuliyoyazika Nyuma ya Darasa

Nyumbani kwangu hakuna sabuni ya mche. Mgeni akitaka kufua kitambaa cha mtoto huangaza macho bafuni, huniuliza, nami humpa sabuni ya unga na kubadilisha mazungumzo. Juzi msichana wa jirani alipita mlangoni na mche wa njano ambao ndiyo kwanza ameukata, harufu ikanifikia jikoni, nikajikuta nimeketi sakafuni mpaka maziwa yakafurika kwenye jiko. Mtu mzima na mvi zangu, kuketi sakafuni kwa sababu ya sabuni. Nilijicheka kidogo, kisha kicheko kikaniishia. Baba tulikuwa tumemzika si muda mrefu, na kuna jambo alilokwenda nalo kaburini ambalo ni mimi niliyempa.

Basi hebu niliseme, maana nimelinyamazia miaka mingi kuliko niliyokaa shuleni.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Mowlem, Nairobi, kwenye ploti ya vyumba vinavyotazamana, mfereji mmoja wa kuchotea maji katikati na kamba za nguo juu ya vichwa vyetu. Ukuta wetu wa kushoto ulikuwa ndio ukuta wa kulia wa kina Awuor. Baba yangu, ambaye watu walimwita Baba Wekesa kwa jina la kaka yangu aliyekuwa akiishi na nyanya mashambani, alifanya kazi ya kibarua kwenye kiwanda cha sabuni. Baba Awuor naye alikuwa kibarua hapo hapo, mashine ile ile. Mmoja alitoka kwetu milimani, mwingine kwao ziwani, lakini walipokutana Nairobi ungedhani walinyonya ziwa moja. Asubuhi Baba alikuwa akigonga ukuta mara mbili, Baba Awuor anagonga mara mbili, wanatoka pamoja kwa miguu kuelekea viwandani. Jioni walirudi pamoja, na harufu yao ilifika ploti kabla yao. Mimi na Awuor tulikuwa darasa moja, dawati moja, na nguo zetu zilianikwa kwenye kamba moja mpaka mama zetu wakawa wanabishana kwa kicheko soksi ni ya nani.

Pale kiwandani kulikuwa na desturi. Sabuni ilipokatwa miche, zilibaki ncha zilizopinda ambazo haziwezi kuuzwa. Msimamizi wa zamani, mzee mmoja mpole, alikuwa amewaruhusu vibarua kuzibeba kila Jumamosi. Hapakuwa na karatasi wala sahihi, alisema tu kwa mdomo, na watu wakabeba miaka nenda miaka rudi. Mama alikuwa akiziyeyusha kwenye sufuria kuukuu na kuzifinyanga mabonge. Nusu ya ploti ilifua kwa mabonge hayo.

Sasa twende shuleni, kwa Mwalimu Nyambura, aliyetufundisha Kiingereza darasa la sita. Nilimpenda sana, na hata leo siwezi kumlaumu bila kwanza kumtetea. Alikuwa amechoka kusoma insha zetu. Alisema kila mtoto anaandika maneno yale yale manyonge, na mtihani hautamhurumia mtu. Basi siku moja alitwambia tutafanya mazishi. Tuliandika yale maneno manyonge kwenye vikaratasi, tukavitia ndani ya mkebe wa kakao, tukachimba shimo nyuma ya darasa karibu na ukuta wa choo. Mvulana mmoja aliomba kama kasisi, tukaitikia amina, wengine wakajilazimisha kulia. Kuanzia siku hiyo, mtoto aliyeandika neno lililozikwa alikuwa anakatwa alama, na darasa zima linamwimbia wimbo wa matanga.

Neno kubwa kuliko yote mle mkebeni lilikuwa “take”. Mwalimu Nyambura alisema hili limefanyishwa kazi kuliko punda wa maji. Na ni kweli. Tulilitumia kwa chai, kwa dawa, kwa picha, kwa kumpeleka mtoto kliniki, kwa kupanda basi, kwa kukaa kitini, kwa muda unaopita. Hata Mama, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuokota, alikuwa akimkaribisha mgeni kwa kumwambia a-take chai. Mahali pake mwalimu alibandika ukutani karatasi kubwa ya manila, na juu yake mstari wa maneno: seize, grab, snatch, pocket, plunder, purloin. Maana zake hakuandika. Alisema tu kwamba hivi ni visawe, tuvikariri.

Visawe tulikuwa tumeshavisoma kwenye somo la Kiswahili. Maneno yenye maana sawa. Kwa hiyo mimi nikaelewa hivi: ni neno lile lile limevaa nguo tofauti. “Take” ni nguo ya kulalia na “purloin” ni suti ya Jumapili, na kadiri neno linavyokuwa gumu kinywani ndivyo linavyomheshimu anayeandikiwa. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilijifundisha mwenyewe, na sikuwahi kumuuliza mtu.

Msimamizi mpya alikuja kiwandani, kijana wa tai na kalamu mfukoni. Wiki za kwanza hakusema lolote kuhusu zile ncha. Halafu Jumamosi moja akasimama na askari langoni, mifuko ikapekuliwa, na watu wawili wa kwanza kutoka walikuwa Baba na Baba Awuor. Waliambiwa Jumatatu kila mmoja alete maelezo kwa maandishi. Jambo hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika, kwa sababu majina ya vibarua wachache yalikuwa yamepelekwa ofisini ili waandikwe kazi ya kudumu, na jina la Baba lilikuwa la pili kwenye orodha. Alikuwa amelisubiri hilo tangu nizaliwe. Kuandikwa kulimaanisha hospitali, likizo, na kutosimama langoni alfajiri kuomba siku.

Jumapili baada ya kanisa Baba aliketi mezani akaandika. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba na mkono wake ulikuwa mzito, lakini Kiingereza chake kilikuwa cha kweli. Alisema alichukua zile ncha za sabuni. Alisema amekuwa akizichukua kila Jumamosi kwa sababu msimamizi wa zamani aliruhusu. Alisema anaomba radhi na hatachukua tena. Mistari minne, haizidi. Kisha akanisukumia karatasi.

“Hebu niandikie hii kwa mwandiko wako. Wangu unakaa kama kuku amepita.”

“Ninaweza kuirekebisha kidogo, Baba?”

“Rekebisha. Si wewe ndiye unasoma?”

Nilisoma ile barua na masikio yakanichoma kwa aibu. “Took” mstari wa kwanza, “taking” mstari wa pili, “take” mstari wa mwisho. Neno lililozikwa, mara tatu, barua inayokwenda kwa mtu wa tai. Niliona wazi kabisa jinsi yule kijana angemcheka baba yangu. Nikachukua rula, nikapiga mistari kwa penseli, nikaandika kwa mwandiko wa mlazo ambao hata leo najivunia. Palipokuwa na la kwanza nikaweka “seized”. Palipokuwa na la pili nikaweka “purloining”. Na mwisho, kwa sababu nilitaka imalizike kwa kishindo, baba yangu akaahidi kwamba “I will not plunder again”.

Baba aliisoma taratibu akifuatisha kwa kidole. Kidole kikasimama.

“Hii neno ni gani?”

“Ni ile ile yako, Baba. Lakini ya watu waliosoma.”

Akatikisa kichwa, akacheka kimoyomoyo, akamwita Mama aje aone. Mama hakujua kusoma Kiingereza lakini alisema barua imekaa vizuri. Baba akatia sahihi pole pole. Halafu akagonga ukuta, akamwuliza Baba Awuor kama anataka pia kuandikiwa na mtoto. Baba Awuor alijibu kutoka upande wa pili kwamba yeye ameshamaliza yake, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na Mungu atatafsiri.

Jumatatu Baba alirudi mchana peke yake. Alikuwa amevuliwa ovaroli, amebaki na shati la ndani. Aliketi kwenye kitanda akatazama mikono yake. Mama alimwuliza nini, akamwuliza tena, na alipojibu hakuinua kichwa.

“Wanasema nimekiri wizi. Mimi sikuandika wizi mahali popote. Niliandika ukweli.”

“Na Baba Awuor?”

“Baba Awuor yuko kazini. Yeye amepewa onyo. Ananiuliza yule kijana, eti nimekuwa nikiiba tangu lini. Jumamosi ngapi. Nani amempelekea hayo maneno? Kule ndani tuliingia watu wawili. Mama Wekesa, mtu wangu amenichoma kwa wakubwa.”

Barua yenyewe ilikuwa imebaki ofisini. Hakuweza kuitazama tena, na hata kama angeitazama angeona nini? Hesabu yake ilikuwa sahihi kwa kile alichokijua. Yeye hakusema wizi. Wao wanasema amesema wizi. Basi kuna mdomo wa tatu, na mdomo uliokuwa karibu ni mmoja. Baada ya wiki chache Baba Awuor akaandikwa kazi ya kudumu, na kwa Baba huo ukawa ushahidi uliobaki.

Ugomvi wa ploti hauhitaji kelele. Mama alihamishia nguo zetu kamba ya nyuma, kwenye kivuli, ambako hazikukauka. Ukuta ukakaa kimya asubuhi. Pale mferejini watu walimpa Baba Awuor jina la Mchoma Watu, na watoto wakalidaka. Awuor alihamia dawati la mbele. Aliponipita alinitazama kana kwamba anangoja niseme kitu. Mimi nilikuwa nimemchukia kwa moyo wote, kwa sababu nilimwamini baba yangu.

Nilimchukia kwa wiki tatu. Halafu Mwalimu Nyambura akarudisha insha. Tulikuwa tumeandika kuhusu nyumba iliyoshika moto, na alianza kusoma moja kwa sauti huku akijikaza. Ilikuwa ya Awuor. Jirani shujaa anapita katikati ya miali, anafika chumbani, na kwa ujasiri mkubwa ana-purloin mtoto mchanga. Mwalimu alishindwa kuendelea. Alicheka mpaka akavua miwani.

“Awuor, sasa huyu jirani ni shujaa ama ni mwizi wa watoto? Hilo ni neno la mwizi, mama. Mtu anayebeba kisiri kitu kisicho chake. Na plunder pia, ni la majambazi. Msiyamwage tu kama chumvi.”

Darasa zima likalipuka. Awuor alijifunika uso kwa sweta. Mimi sikucheka. Niliomba ruhusa ya kwenda choo, nikasimama pale nyuma ya darasa nikisikia wanavyocheka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilijua yote. Nilijua nani aliyemchoma baba yangu.

Nilikwenda nyumbani nimeazimia kusema. Nataka mniamini hapo. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno. Baba alikuwa ameanza kibarua Shauri Moyo kwa mafundi wa masanduku ya bati, na nilimkuta uani, kidole gumba kimefungwa kitambaa, anajaribu kufungua kamba za viatu kwa mkono mmoja. Niliinama nikamfungulia.

“Wewe ndiye umebaki,” aliniambia. “Ile barua yako ilikuwa barua. Hata yule kijana aliniuliza ni nani ameandika, nikamwambia ni mimi. Nisingekutaja mbele ya mtu kama yule. Wewe soma tu. Usije ukaacha.”

Ningesemaje baada ya hapo? Nawauliza ninyi wa rika langu, mliokuwa na baba wa namna ile, asiyesifu mara mbili kwa mwaka. Nilimvua viatu, nikaviweka mlangoni, nikaingia ndani kumenya viazi.

Nafasi ya pili ilikuja yenyewe mlangoni, Jumapili mchana. Baba Awuor alibisha hodi akiwa bado na nguo za kanisani. Hakuingia. Baba alisimama kizingitini, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia linalogawa chumba, karibu kabisa, naona vidole vya Baba vimeshika fremu ya mlango.

“Ndugu yangu,” alisema Baba Awuor, “mimi sikusema kitu. Niliingia, nikatoa karatasi yangu, nikaambiwa toka. Niapishe kwa chochote unachotaka.”

“Sina cha kukuapisha.”

“Basi nieleze kosa langu. Hata mbwa huambiwa.”

“Nenda tu, Baba Awuor. Una kazi asubuhi.”

Baba Awuor hakwenda. Alisimama pale muda mrefu, na mimi nilishika lile pazia kwa mikono miwili. Sentensi moja tu ilihitajika. Ni mimi, neno lilikuwa langu. Niliisikia kichwani kwa sauti yangu mwenyewe. Na niliona pia uso wa Baba ukigeuka kunitazama, ule uso ulioniambia nisiache kusoma, na nikaogopa uso huo kuliko nilivyomwonea huruma yule mtu wa mlangoni. Mlango ulifungwa. Baba alipita karibu nami akaniambia nimletee maji ya kunywa, nikamletea.

Tulihama Mowlem kabla sijamaliza darasa la nane. Nilisoma, kama alivyotaka. Nimeajiriwa ofisini, naandika barua za watu wengine siku nzima, na kila ninapotaka kuandika neno kubwa mkono unasita. Baba aliishi miaka mingi. Hakuwa mtu wa chuki, ila jina la Baba Awuor likitajwa alikuwa akiinuka na kwenda kutazama kitu nje. Kila mwaka nilijiambia mwaka huu. Alipolazwa nilijiambia akipata nafuu. Hakupata nafuu.

Siku ya kutoa mwili mochari nilimwona Baba Awuor. Alikuwa amezeeka, amesimama nje ya lango, kofia mkononi. Hakuja kuutazama mwili. Watu wa zamani wa ploti walimpita bila salamu, mmoja hata akatema mate pembeni. Gari letu lilipotoka alikuwa bado amesimama pale pale, na mimi, ninayejua, nilipandisha kioo.

Nilipotoka mazishini nilimwambia Mama. Nilidhani atalia au atanipiga. Alikunja leso yake mara nne, akaikunjua.

“Mimi si mtu wa kuambiwa hayo,” alisema. “Nenda Mowlem.”

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Kina Awuor hawakuwahi kuhama. Mlango ni ule ule, mfereji umekauka, kuna tangi la plastiki. Baba Awuor alinitambua kabla sijajitaja, akaniwekea kiti, akaketi kwenye stuli mbele yangu na magoti yake yaliyovimba. Sikunywa chai. Nilimweleza yote kuanzia mkebe wa kakao mpaka pazia. Hakunikatiza. Nilipomaliza alitazama mikono yake, kama Baba alivyokuwa akifanya.

“Kwa hiyo ni barua,” alisema.

“Ni barua, Baba. Ni mimi.”

“Na yeye hakujua.”

“Hakujua. Nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia ulipokuja. Nilikusikia.”

Nilingoja anitukane, na nilitaka anitukane. Badala yake aligeuza kichwa kuelekea jikoni.

“Mama Awuor. Acha hayo, njoo ukae hapa.”

Mama Awuor alitoka, mikono imejaa unga, akanisalimu kwa mashaka, akaketi ukingoni mwa kochi.

“Sema tena,” Baba Awuor aliniambia. “Kutoka mwanzo. Pole pole, huyu sikio moja halisikii vizuri.”

Nikasema tena. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa naona inakoangukia. Mama Awuor hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anamtazama mumewe, na unga ulikuwa unamkaukia vidoleni.

“Nilikuuliza mara moja tu kama ni wewe uliyemchoma,” alimwambia, kwa sauti ya chini. “Mwaka ule ulipoandikwa kazi. Nilikuuliza mara moja, na sikukuuliza tena.”

“Mara moja ilitosha, mama,” alisema Baba Awuor.